Paa la Balozi

Sijui kama kuna jina la ugonjwa wa kumwonea mtu wivu kwa sababu ya paa. Kama lipo, basi mimi niliugua ugonjwa huo karibu utu uzima wangu wote, na aliyeniambukiza ni jirani yangu wa mkabala, ambaye kijiji kizima kilimwita Balozi.

Alikuwa balozi wa nyumba kumi, yangu ikiwamo, siku zile ambazo chama kilikuwa na mtu wake popote palipofuka moshi wa jikoni. Ubalozi wenyewe ulikwisha, lakini aliendelea kuitwa hivyo hivyo, na mimi nitamwita hivyo. Jina alilopewa na wazazi wake naliacha. Nikilitaja, watu wa kwao watakuja kunisahihisha, na sina nguvu za kusahihishwa tena juu ya mtu yule. Mke wangu alinisahihisha vya kutosha.

Nianze na hilo paa. Sisi wa upande wa Mtinko, huko Singida, tulikuwa tunajenga tembe, nyumba fupi ya paa bapa. Unasimika nguzo, unalaza boriti, unapanga fito, unatandika nyasi, halafu juu yake unamwaga udongo na kuushindilia. Paa la namna hiyo si la kujenga ukasahau. Kila mwaka kabla ya mvua lazima upande, ung'oe majani yaliyoota huko juu maana mizizi yake hutoboa udongo, kisha upandishe udongo mpya wa kichuguu na kuukanyaga mpaka uwe mgumu kama sakafu. Ni kazi chafu isiyo na sifa. Ukiiacha, hakuna anayejua mpaka siku mvua inapokuja.

Balozi alipanda paani kwake wakati mbingu bado nyeupe, wakati hakuna mtu aliyekuwa anafikiria mvua. Mimi nilisubiri dalili. Nilikuwa nazijua dalili zote, upepo wa jioni, siafu, maumivu ya goti la kushoto. Shida ni kwamba miaka mingine mvua ilikuja kwanza, dalili zikafuata. Hapo tulihamisha kitanda kutoka pembe hii kwenda pembe ile, na mke wangu, Mama Mwajuma, akapanga masufuria na vibuyu sakafuni kukinga matone. Akimaliza alikaa kwenye kigoda akatazama nje kupitia mlangoni, na nje ya mlango wetu hakukuwa na kitu kingine cha kutazama isipokuwa nyumba ya Balozi.

"Kwa Balozi hakuvuji," alisema.

"Mvua ya mwaka huu ni ya ajabu," nilimjibu.

"Ya ajabu huku tu? Kule ng'ambo haikufika?"

Nilisogeza kibuyu kimoja chini ya tone jipya. Nilichotaka kwa mwanamke yule hakikuwa kikubwa. Nilitaka siku moja tu anitazame mimi kama alivyolitazama paa la Balozi. Yote ninayoandika hapa yanatoka hapo.

Balozi alikuwa na neno lake. Jambo likiharibika, watu wakianza kutafuta lilikoanzia, yeye alisema, "Ni mimi." Alilisema bila huzuni na bila majivuno, kama mtu anayejibu jina lake likiitwa. Ndama wake akitumbukia shimoni, ni mimi, sikulifunika shimo. Mtoto wake akirudishwa kutoka shule, ni mimi, sikumwamsha mapema. Mwaka mmoja bwana shamba alituhimiza tulime mahindi, tukaacha uwele wetu tuliouzoea, na jua likayachoma mahindi yakiwa yamefika kiunoni. Kijiji kizima kilimlaani bwana shamba, mimi nikiwa mstari wa mbele. Tulipokuwa kisimani tukiendelea kumlaani, Balozi alifunga ndoo yake kwa kamba, akasema, "Bwana shamba alisema. Aliyepanda ni mimi."

Akaondoka na maji yake. Maneno yetu yakawa hayana ladha tena.

Mimi nilikuwa na majibu mengi zaidi yake, na sioni haya kuyataja. Nilikuwa na Mungu, nilikuwa na serikali, nilikuwa na ndege, nilikuwa na mkono wa mtu. Kila baya lililonipata lilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe hakuwa mimi. Mtu asidhani nilikuwa mvivu. Nililima kama wengine. Lakini nilikuwa nimeona mambo. Niliona shamba la baba yangu likipigwa na mvua ya mawe mchana mmoja, shamba zuri kuliko yote, na shamba la mlevi wa jirani likapona. Mtu aliyeona hivyo akiwa mtoto, ukimwambia aongeze mtaro mmoja zaidi, anakuuliza wa kazi gani. Balozi hakuwahi kuuliza hivyo. Mtaro wake ulikuwepo tayari, na maji yalipita humo yakaenda zake.

Hata ujirani wetu tuliuelewa kila mtu kwa namna yake. Mimi nilisema serikali ndiyo iliyonipa jirani yule, na ni kweli. Kabla ya hapo tulikaa mbalimbali, kila mtu na kilima chake na ng'ombe zake. Tukaambiwa mkutanoni kwamba tutahamia pamoja, kwenye kijiji cha ujamaa, nyumba zipangwe mstari, kuwe na shule na zahanati na shamba la wote. Nikajiambia, vizuri, anayetaka nihame na anibebe. Nikasubiri lori. Balozi alibomoa paa lake mwenyewe siku ileile ya mkutano, akafunga boriti zake kwenye sleji, lile gari la miti lisilo na magurudumu, akazikokota kwa maksai mpaka mahali palipopimwa, na kwa kuwa hakukuwa na mtu mwingine pale alichagua kiwanja cha juu, ambako maji ya mvua hukimbia kuteremka. Lori langu lilikuja mvua zimeshaanza. Lilitushusha sisi, mbuzi watatu na vyungu, mbele ya kiwanja kilichobaki, ambako maji ya mvua hukimbilia. Boriti zangu zilibaki kule, na sehemu moja waliila mchwa, sehemu nyingine jirani zangu wa zamani waliipikia.

Siku moja nilimkumbusha jambo hilo. Nilikuwa nimechoka kusikia watu wakikisifu kiwanja chake.

"Na wewe uliamriwa kuhama, Balozi. Kama mimi tu."

"Niliamriwa kuhama," alisema. "Hakuna aliyeniamuru nichelewe."

Alinizidi umri kidogo sana, miaka ambayo kwa watu wengine isingehesabiwa. Lakini alitahiriwa na kundi la kaka yangu, kwa hiyo shikamoo aliipata kwangu kila asubuhi, na mimi nikawa namwamkia kwa sauti ndogo ili mke wangu asisikie nikifanya vizuri jambo lolote mbele ya mtu yule. Yeye alijibu marahaba kwa sauti kubwa kabisa. Sidhani kama alikuwa na nia mbaya. Sauti yake ilikuwa hivyo.

Msinielewe kwamba alikuwa mtu mpole. Watu waliokuja baadaye wanamsimulia kama malaika, na mimi niliyekaa naye mlango kwa mlango nalazimika kusema kweli. Mtu anayeamini kwamba mambo yake yako mikononi mwake hawezi kukuhurumia kwa urahisi, maana anaamini na yako yako mikononi mwako. Kulikuwa na mjane katika nyumba zetu kumi. Fisi aliingia zizini kwake, akaua mbuzi wawili na kumjeruhi wa tatu. Tukaenda kumpa pole. Mimi nilimwambia fisi wa mwaka ule si fisi wa kawaida, na yule mama akaitikia kwa kichwa, akapangusa machozi, akaniletea kigoda. Balozi alipofika alilizunguka zizi kwanza, kisha akasema, "Hapa pana tundu, mama. Na wewe ulikuwa unaliona."

Yule mama alilia upya. Wanawake wakamtoa Balozi pale kwa macho. Siku nzima kijiji kilinipenda mimi kuliko yeye, na nilitembea taratibu ili siku hiyo isiishe upesi. Lakini asubuhi iliyofuata tulimkuta Balozi pale zizini, mikono inavuja damu, ameshakata miiba na kulizungushia zizi lote. Mjane alikuwa anampikia uji. Mimi nilikuwa nimempa pole nzuri sana, nikaenda nyumbani kulala.

Tena alikuwa na mambo yasiyopatana. Nilimkuta mtoni anaoga, nikaona hirizi juu ya kiwiko, mahali ambapo mkono wa shati huwa unafunika. Nikafurahi kama mtu aliyeokota kitu njiani.

"Balozi, na wewe unavaa hirizi? Si wewe unayesema kila kitu ni wewe?"

Aliitazama kama ndiyo kwanza anaiona. "Ndiyo," alisema. "Ikishindwa kazi, aliyeichagua ni mimi."

Nilirudi nyumbani nikamsimulia mke wangu habari ya hirizi, nikitegemea atacheka. Alisema, "Angalau anajua aliyeichagua." Nikajuta kufungua mdomo.

Sasa nifike kwenye shamba la ujamaa na kwelea kwelea. Mtama ukianza kukomaa, ndege hao huja kwa makundi makubwa, na asiyelinda havuni kitu. Ulinzi wake ni wa dungu, jukwaa la miti ambalo mtu husimama juu yake tangu alfajiri na kombeo lake, akipiga kelele na kurusha mawe mpaka jua lizame. Shamba la wote lilikuwa kubwa, na mashamba yetu wenyewe yalilizunguka pande zote. Tukakubaliana kila nyumba ijenge dungu lake. Tukajenga. Na kila nyumba, bila kuulizana, ikajenga dungu lake ukingoni, pale shamba la wote linapopakana na shamba lake. Hakuna aliyekuwa na hila. Ukisimama pale unaona mashamba yote mawili, ni akili tu. Lakini kiumbe akilinda mashamba mawili uso wake huelekea kwenye lake, na sisi sote tulisimama na migongo yetu imeelekea katikati. Kwelea kwelea wakatua katikati. Tulipokuja kugundua, kiini cha shamba kilikuwa mabua matupu, na mtama mzuri ulikuwa umebaki pembeni peke yake, duara jembamba.

Mtu wa wilayani akaja, ukaitishwa mkutano. Alitaka kujua ni nani. Wazee walisema ndege wa mwaka ule walikuwa wengi kupita kiasi. Wengine walisema dawa ya ndege haikuletwa. Mimi nilisema, na nilisema vizuri, kwamba ndege ni viumbe wa Mungu na hawana mpaka. Watu waliniitikia. Niliona mke wangu kwenye kundi la akina mama ananitazama, na kwa mara ya kwanza nilifikiri uso wake umelegea kidogo.

Hapo Balozi akasimama. "Dungu la katikati halikujengwa," alisema. "Nilipaswa kulijenga. Ni mimi."

Mtu wa wilayani alishukuru sana kupata mtu. Alimkaripia Balozi mbele yetu kwa muda mrefu, na Balozi alisimama wima akasikiliza mpaka mwisho. Sisi tulitazama chini. Kosa lilikuwa letu sote, migongo yetu yote ilishiriki, na mtu yule alilichukua lote peke yake akaondoka nalo. Nilimwonea wivu hata kwa hilo. Nilihisi amechukua kitu ambacho na mimi nilikuwa na fungu langu ndani yake. Na tangu siku ile, jambo likiharibika katika nyumba zetu kumi, hatukujisumbua kujitetea. Tuligeuka tu kumtazama Balozi. Nadhani alituharibu kidogo, ingawa hakuna anayekubali nikisema hivyo.

Msimu uliofuata alijenga dungu refu katikati ya shamba la wote, akalipanda mwenyewe. Shamba lake la nyumbani likalindwa nusunusu na mke wake na watoto, na ndege wakalila nusunusu. Watu walimcheka. Mimi nilicheka pia, mpaka nilipomwona Mwajuma wangu anapita na kibuyu cha uji. Nikamuuliza anampelekea nani. "Mama amesema nimpelekee Balozi dunguni," alisema. Na mimi nilikuwa juu ya dungu langu tangu alfajiri, sijanywa kitu, na unga wa uji ule ulikuwa wa mtama wangu.

Mwaka uleule ndio surua ilipopita kijijini. Kitinda mimba wa Balozi aliamka na macho mekundu na joto. Balozi alimgusa paji la uso, akamwambia mke wake atarudi mchana kumpeleka hospitali ya misheni, akaenda dunguni. Mchana ule ilinyesha mvua ya mwisho wa masika, nzito, na korongo lililo kati yetu na hospitali likajaa maji ya kubeba magogo. Alimbeba mtoto mpaka ukingoni. Alisimama pale akimfunika kwa shuka na kwa mwili wake, akingoja maji yapungue, na sisi tulisimama nyuma yake. Maji yalipopungua mtoto alikuwa ameshakata roho.

Msibani watu walisema yale tunayosema. Walisema Mungu amempenda zaidi. Walisema surua haimchagui mtu. Mimi nilisema korongo lile hufurika linavyotaka, hakuna anayelijua. Tulikuwa tunamtandikia mahali pa kulala na uchungu wake, ndiyo kazi ya maneno hayo. Balozi alikuwa amekaa kwenye mkeka na wanaume. Alinyanyua kichwa, akasema kwa sauti ile yake isiyojua kuwa ndogo, "Ni mimi. Nilimwona asubuhi nikaenda kulinda ndege."

Mke wake alikuwa ndani na wanawake, nyuma ya ukuta wa udongo, na alisikia. Sisi tulimwona akitoka. Mpaka saa ile alikuwa amelia kama mama yeyote anavyolia. Baada ya hapo aliacha kulia, akamtazama mumewe mara moja, na hakumtazama tena. Alikaa naye mpaka arobaini ikapita, akipika na kuweka chakula bila kusema, kisha akarudi kwao Mgori. Balozi alikuwa amemwonyesha aliyemuua mtoto wake, na mwanamke angefanya nini na habari ile.

Mimi na Mama Mwajuma tulikuwa tumezika mtoto wetu wa kwanza miaka ya nyuma, kabla ya Mwajuma. Tulisema Mungu amependa. Tulilisema mimi na yeye kwa pamoja, tukalala mkeka mmoja tukalia, na hatukuulizana nani alifanya nini lini. Tulipotoka msibani kwa Balozi, tukiwa tunavuka ile njia ndogo kati ya nyumba zetu, mke wangu alinishika mkono mbele za watu, jambo ambalo kwetu halifanyiki.

"Wewe usingesema vile," alisema.

Hiyo ndiyo mara pekee nilipowekwa mizani moja na Balozi nikaonekana mzito kuliko yeye. Nilikaa nayo siku nyingi. Mvua iliyofuata iliponyesha paa letu likavuja, mke wangu akatazama nje ya mlango, na sikumlaumu.

Mke wa Balozi alirudi baada ya mavuno ya pili. Hakuna aliyejua walizungumza nini. Waliishi, watoto waliobaki wakakua, wakaenda mmoja Singida mjini, mmoja Arusha, kama watoto wa wakati ule. Shamba la ujamaa likagawanywa, madungu yakawa kuni. Mke wake alifariki kabla yake. Na Balozi macho yake yakaanza kuingia ukungu, mtoto wa jicho, mpaka akawa anamtambua mtu kwa hatua zake.

Kwangu mimi mambo yalininyookea, na wala sikuyanyoosha mimi. Mwajuma aliolewa na dereva wa lori, kijana mkarimu, na mwaka mmoja alituletea mabati. Akaleta na fundi. Nilikaa kwenye kigoda nikatazama watu wakibomoa tembe langu na kuinua nyumba ya bati, na kazi yangu ilikuwa kusema hapo sawa. Mvua ya kwanza ilipopiga juu ya bati lile, nikiwa mkavu kitandani, nilitamani Balozi asikie. Mke wangu hakuwa na sufuria la kupanga. Alikaa akatazama nje ya mlango vilevile, kwa mazoea.

Katikati ya masika moja, miaka michache baada ya mabati, nilivuka njia kwenda kumwamkia. Sitasema nilikwenda kwa wema. Nilitaka kuzungumza naye habari za mvua.

"Shikamoo, Balozi."

"Marahaba, jirani. Pita, lakini pita kushoto. Kulia kuna maji."

Alikuwa amekaa kwenye pembe moja kavu iliyobaki, kigoda kimegusana na ukuta, miguu ameikunja asilowe. Sufuria lilikuwa katikati ya sakafu, na lingine mlangoni, na kitanda kilikuwa kimesogezwa hadi hakina tena pa kusogea. Nilipotazama juu niliona mizizi inaning'inia kati ya fito. Paa halikuwa limetiwa udongo kwa misimu kadhaa. Matone yalidondoka kwa zamu kama yalivyokuwa yakidondoka kwangu miaka yote ile, na nikangoja. Nilijua atakachosema. Nilitaka tu kumsikia akilisema neno lake akiwa chini ya tone.

"Mvua ya mwaka huu ni ya ajabu," alisema Balozi.

Nilidhani sikusikia sawasawa. "Unasemaje?"

"Ya ajabu. Lakini tutafanyaje, jirani. Ni mambo ya Mungu haya, sisi ni watu tu."

Maneno yangu kabisa, hata mpangilio wake. Kwa miaka mingi sana nilikuwa nimengoja mtu yule aseme kuwa kuna jambo limemshinda. Nilikuwa nimeyapanga na ya kumjibu. Badala yake nilishikwa na hasira, na chini ya hasira kulikuwa na hofu, kwa sababu kama yeye naye ni mtu tu, basi hakuna aliyekuwa amelishika lile paa tangu mwanzo, wala letu sote.

"Mungu gani," nilimwambia. "Ni wewe. Hukutia udongo."

"Macho sina."

"Mdomo unao. Mimi niko hapo mbele yako, ungeniita."

Aligeuza uso kuelekea sauti yangu. Hakukuwa na ubaya katika sauti yake, alishangaa tu, kama mtu aliyeambiwa angemwita mbuzi amsomee gazeti.

"Nikuite wewe?" alisema. "Uje upande paa?"

Nilitoka bila kuaga. Nilikuwa nimemwonea mtu yule wivu tangu tukiwa na nywele nyeusi. Nililipima kila tendo langu kwa lake, nikakosa usingizi kwa ajili yake. Na yeye katika hesabu zake zote, alipotazama huku na huku kuona nani yupo wa kumsaidia, katika nyumba ya mbele yake hakuona mtu. Hilo lilinichoma kuliko uji wa dunguni.

"Kwa Balozi kukoje?" mke wangu aliuliza.

"Kunavuja."

Aliacha mwiko ndani ya chungu, akasimama mlangoni akatazama ng'ambo.

Mvua ilikatika asubuhi. Nilichukua jembe na kikapu nikaenda kwenye kichuguu kilichoko nyuma ya kisima, nikachimba udongo ungali na unyevu mzuri, nikaubeba. Tembe si refu, hata mzee hupanda akiwa na kigogo cha kukanyagia. Nikapanda na mkono mmoja kwenye ukuta, goti langu la kushoto likilia. Nikang'oa majani. Mizizi ilikuwa imeshuka mbali na ilitoka na mabonge. Nilikuwa nimepiga magoti huko juu niliposikia mtu chini, nikatazama, nikamwona Mama Mwajuma amesimama na khanga yake ya jikoni, amenyanyua uso.

"Nani kakutuma?" aliuliza.

"Hakuna," nilisema. "Ni mimi."

Hakucheka. Aliendelea kunitazama, mkono mmoja umekinga jua, na aliutazama uso wangu, si paa. Kisha alijifunga khanga vizuri, akaenda kichuguuni, akarudi na karai limejaa udongo, akalinyanyua juu ya kichwa chake kwa mikono miwili ili nilifikie. Nikalipokea. Nikamwaga, nikasawazisha, nikaanza kukanyaga, na nilikuwa nimenyooka kama kijana.

Kutoka ndani ya nyumba, chini ya miguu yangu, ikaja ile sauti.

"Hapo unakanyaga kwa vidole. Udongo hauwezi kushikana hivyo. Kanyaga kwa kisigino."

Nilisimama.

"Ni mimi," iliendelea, kubwa vilevile, kila nyumba ikasikia. "Miaka yote nilikuwa nakuona hapo ng'ambo unakanyaga vibaya, na sikuvuka kuja kukuonyesha. Ni mimi, jirani."

"Umemsikia Balozi?" mke wangu aliniuliza kutoka chini, na alikuwa ameshaugeuza uso kuelekea mlango wake.

Wivu ukanishika palepale juu ya paa, mbichi, kama wa siku ya lori. Nikakanyaga kwa kisigino.